Posta, Redio na Kikao: Asili ya Ufundishaji Mseto Bungoma na Kitale

Aghalabu hudaiwa kwamba ufundishaji mseto, yaani ule unaochanganya intaneti na darasa, uliingia Bungoma na Kitale pamoja na UVIKO-19, shule na vyuo vilipofungwa Machi 2020. Dai hili halina budi kusahihishwa. Tume ya Ominde ilipendekeza masomo kwa njia ya posta mwaka 1964, na mwaka 1967 Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi kikaanzisha kitengo cha masomo hayo huko Kikuyu. Waliolengwa hasa ni walimu wa shule za msingi wenye elimu haba. Mwalimu wa kijijini, awe wa Bungoma au wa Kitale, hakulazimika kuacha kazi: vitabu na mazoezi vilipitia posta, vipindi vilitoka Sauti ya Kenya, na wakati wa likizo wanafunzi walikutana na wakufunzi ana kwa ana.

Kikao hicho cha likizo ndicho kinachosahauliwa. Barua husahihisha kosa, lakini haimwonyeshi mwanafunzi mpweke kwamba wenzake nao wamekwama pale pale alipokwama yeye. Mwaka 2020 somo lilifika kwa redio au simu (kwa aliyekuwa nazo), bali kikao hakikuwapo.

Katika somo la Kiswahili upungufu huo ni bayana. Mzungumzaji wa Lubukusu aghalabu hupata taabu kutenganisha /p/ na /b/, maana lugha yake haina /b/ ya kupasua isipokuwa baada ya nazali. Zoezi lililoandikwa, liletwe na posta au na simu, halimsikii akitamka.