Daktari wa Macho na Mpima Miwani

Mzee mmoja wa hapa Chapwa, mfanya biashara ya mahindi, alianza kukosea kusoma mizani. Mara ya kwanza alipoteza thamani ya debe moja, watu wakacheka; mara ya pili gunia zima, wala hapo hakucheka mtu. Akaenda sokoni Tunduma akanunua miwani kwa mchuuzi. Ilipokuwa haimfai akanunua ya pili, hata ya tatu. Miaka 2 ikapita hivyo, naye akizidi kuona ukungu. Sisi tuliokuwa tukimwandikia hesabu zake jioni tulisema, kama walivyosema wote, ya kuwa ni uzee tu. Tulikosa, na kosa hilo ndilo lililotufanya tutafute habari hizi tunazowaletea wasomaji: ni nani mwenye kazi ya jicho, na imekuwaje kazi hiyo ikagawanywa kati ya watu wawili?

Zamani watu hao wawili hawakujuana kabisa. Miwani ilianza kutengenezwa Italia karibu na mwaka 1286, nayo ilikuwa kazi ya mafundi wa vioo, si ya madaktari. Huko London mafundi hao walipewa hati ya mfalme mwaka 1629, wakawa na chama chao kama mafundi wengine wa mji. Aliyetaka miwani alijaribu moja moja hata akapata iliyomfaa, kama mzee wetu alivyofanya sokoni. Madaktari nao walishika sindano na kisu. Ugonjwa tuuitao mtoto wa jicho, yaani lenzi iliyo ndani ya jicho kugeuka ukungu, ulitibiwa tangu kale kwa kuisukuma lenzi ile kwa sindano ianguke chini humo humo ndani. Hata mwaka 1747 Mfaransa Jacques Daviel alipopasua jicho na kuitoa nje. Tena mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo chake cha kuangazia, kilichowawezesha watu kutazama nyuma ya jicho la mtu aliye hai.

Elimu ilipoongezeka hivi, mipaka ya kazi ikaanza kugombaniwa. Mwaka 1892 huko New York, Charles Prentice, fundi wa miwani aliyeijua vema elimu ya mwanga, alimpeleka mgonjwa kwa daktari Henry Noyes, akamwandikia na habari ya dola 3 alizomtoza kwa kumpima. Daktari akakasirishwa na zile dola 3. Alijibu kwamba malipo ya ushauri ni haki ya madaktari peke yao. Fundi na auze vioo vyake. Ugomvi ukafika katika mabaraza ya sheria. Jimbo la Minnesota lilikuwa la kwanza kuitambua kazi ya optometria, mwaka 1901, na kufika mwaka 1924 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo. Walakini dawa walikatazwa wapimaji kwa muda mrefu. Mwaka 1971 Rhode Island iliwaruhusu matone ya uchunguzi. Mwaka 1976 West Virginia ikawaruhusu dawa za kutibu. Kila hatua ilipatikana kwa mashindano.

Kwetu mpaka ulisogea kwa njia nyingine, tena kwa sababu iliyo kinyume. Kule madaktari na mafundi waligombea wagonjwa. Hapa wagonjwa walikuwa tele na wa kuwagombea hawakuwapo. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 madaktari wazalendo walikuwa 12 tu, kwa hesabu aliyoitaja Mwalimu Nyerere. Nani kati yao angepata nafasi ya kushughulika na macho peke yake? Basi kisu hakikulindwa, kiligawanywa. Hospitali ya KCMC huko Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, ikawa mahali pa kuwafundisha madaktari wasaidizi kupasua mtoto wa jicho, ikafundisha na wataalamu wa optometria. Huko Mvumi, Dodoma, Mwingereza Allen Foster alifanya kazi ya macho katika hospitali ya misheni tangu 1975 hata 1985. Yeye na wenziwe walionyesha jinsi surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zitiwazo jichoni zinavyowapofusha watoto. Hapo kazi ya jicho ikamfikia hata mwuguzi wa chanjo, na mama mwenye bustani ya mchicha, ambao hawakutajwa katika barua za New York.

Badiliko kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, lilitokana na kitu kidogo kuliko ukucha. Hapo kwanza aliyetolewa lenzi alipewa miwani minene kama kitako cha chupa; ikivunjika shambani, alikuwa kipofu tena siku ile ile. Mwaka 1949 Harold Ridley wa London alitia lenzi ya kutengenezwa ndani ya jicho, akapingwa sana na wenziwe. Katika miaka ya 1990 kazi hiyo ilienea katika hospitali za Afrika ya Mashariki. Lakini lenzi haiwezi kuchaguliwa kwa kukisia: urefu wa jicho na mviringo wa sehemu yake ya mbele hupimwa kabla ya kupasua. Hivyo kipimo, kilichokuwa kikingoja baada ya kisu, sasa hukitangulia.

Mwaka 2007 Bunge letu lilitunga Sheria ya Optometria. Hata hivyo kwa mtu wa Chapwa mpimaji wa kwanza bado ni mchuuzi wa sokoni. Hatumlaumu kwa kuuza, maana mtu akipita miaka 40 macho yake huanza kushindwa na maandishi ya karibu, na miwani rahisi humtosha. Shida ni kwamba mchuuzi hana chombo cha kutazama ndani. Presha ya jicho hula uoni taratibu, mara nyingi bila maumivu, na ulioliwa haurudi.

Mzee wetu alifikishwa Mbeya, mwendo wa kama kilomita 100. Jicho la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, likapasuliwa, na kesho yake akamtambua mwanawe mlangoni. La kushoto lilikuwa na presha. Alipewa matone ya kulinda uoni uliobaki, nasi twahesabu ile miaka 2. Mpimaji alitazama miwani 3 za sokoni akakuta moja yafaa kabisa kwa kusomea, ndiyo avaayo sasa mizanini. Nyingine 2 wamechukua wajukuu, huchomea nazo majani makavu juani.