Hodi Mlangoni mwa Pango: Historia ya Ruhusa ya Mgeni, kutoka Mlima Hoyo hadi Pwani

Utangulizi

Barabara itokayo Kisangani kuelekea mashariki hupita Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa, kisha hufika Komanda, katika Ituri. Kusini mwa Komanda, karibu na njia ya Beni, ndipo ulipo Mlima Hoyo, mlima wa mawe ya chokaa wenye mapango mengi. Mojawapo ni pango la Matupi, linalojulikana na wataalamu wa historia ya kale duniani kote. Makala haya yanauliza swali moja: mgeni kutoka nchi nyingine anapotaka kuingia pangoni, awe mtafiti au mpenzi wa mapango tu, ni nani mwenye haki ya kumwambia «karibu»? Wengine wataliona kuwa ni swali la makaratasi. Sisi tutajaribu kuonyesha kwamba masharti ya kuingia ndiyo yanayoamua, hata baada ya miaka hamsini, nani ana haki juu ya vitu na elimu vilivyotoka ndani.

1. Maneno matatu

Tuanze na lugha. Neno hodi hutamkwa kwa sauti, mbele ya mlango, na mtu huyo huyo atakayeingia. Mwenye nyumba asipoitika, mgeni hurudi. Ruhusa na idhini, maneno yenye asili ya Kiarabu, hutolewa na mwenye mamlaka, ambaye huenda haishi katika nyumba hiyo. Kibali, nduguye kubali, siku hizi ni karatasi. Katika Kiswahili cha ofisi zetu nchini Kongo, maana hizi zote mara nyingi humezwa na neno moja la Kifaransa, otorizasio, yaani barua yenye muhuri. Hivyo mgeni mwenye barua huamini kwamba amekwisha kubisha hodi, kumbe aliyemwitikia ni karani wa mjini na wala si mwenyeji wa mlima.

2. Dola na pango

Hali hiyo ina historia yake katika sheria. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji, dekreti ya tarehe 16 Agosti 1939 iliweka ulinzi wa mahali pa kale, minara ya kumbukumbu na kazi za sanaa za wenyeji. Baada ya uhuru, amri yenye nguvu ya sheria ya tarehe 15 Machi 1971 ilihusu ulinzi wa mali za utamaduni. Kisha sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilithibitisha kwamba ardhi yote ni mali ya Dola peke yake. Katika mfuatano huo wote, anayeulizwa ni Dola.

Mwaka uleule wa 1973, Francis Van Noten, mwanaakiolojia wa Kibelgiji wa jumba la makumbusho la Tervuren, alichimba ndani ya Matupi. Alipata vijiwe vidogo vilivyochongwa kwa ustadi, katika matabaka ambayo ya chini kabisa yana umri wa zaidi ya miaka 40,000. Mifupa ya wanyama ilionyesha kwamba mbuga za nyasi zilikuwa karibu na pango hilo, mahali ambapo leo tunaona msitu. Matokeo hayo yalibadilisha mawazo ya wataalamu juu ya umri wa zana ndogo za mawe katika Afrika ya Kati. Makala yake mashuhuri yalitoka mwaka 1977 katika jarida la Antiquity la Uingereza, na watafiti waliozichunguza upya zana hizo miaka ya baadaye walifanya kazi hiyo Tervuren.

Basi mwanafunzi wa Kisangani anayetaka kuisoma Matupi kwa kina hana budi kuomba viza ya Ubelgiji na kujua Kiingereza. Yeye, aliye karibu na mlima, ndiye amekuwa mgeni anayebisha hodi.

Je, vitu hivyo vinaweza kudaiwa? Ubelgiji ilipitisha sheria tarehe 3 Julai 2022 inayofungua njia ya kurudisha vitu vya makusanyo yake vilivyopatikana wakati wa ukoloni, yaani kati ya 1885 na 1960. Lakini kilichochimbwa mwaka 1973 kilitoka katika nchi huru, kwa hiyo sheria hiyo haikigusi. Kwa vitu vya namna hiyo, hoja inabaki kwenye sheria za nchi na makubaliano ya siku ile mgeni aliporuhusiwa kuingia. Ndiyo sababu tunasema kwamba barua ya ruhusa si jambo dogo.

3. Wenyeji wasioandikwa

Kandokando ya Mlima Hoyo wanaishi Wambuti pamoja na majirani zao wakulima. Sheria tulizozitaja hazikuwapa nafasi ya kuitika hodi. Ilibidi kungoja sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za watu wa asili Wambilikimo, ndipo taifa litambue haki zao juu ya ardhi wanayoitumia.

Kwingineko katika Afrika ya Mashariki mambo hayakuwa tofauti sana. Joseph Thomson alipofika Mlima Elgon mwaka 1883, aliwakuta watu wakiishi mapangoni na mifugo yao. Huko pango lilikuwa nyumba hasa. Katika pwani ya Kenya, pango la Panga ya Saidi lilipata sifa mwaka 2021 kwa kaburi la mtoto wa miaka 78,000 hivi iliyopita, ingawa kwa majirani zake ni mahali pa ibada pia. Huko Amboni, karibu na Tanga, watu huweka sadaka ndani ya mapango ambayo watalii huingia kwa kulipa kiingilio. Mahali kama hapa, mwenye tiketi na mwenye sadaka wote wana haki, lakini haki zao si za namna moja.

4. Ugonjwa hauombi ruhusa

Kuna sababu nyingine ya kumtaka mgeni azungumze na wenyeji kabla ya kuingia. Watu wawili waliokufa kwa homa ya Marburg nchini Kenya, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, walikuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Mwaka 2008 mtalii wa Kiholanzi alikufa baada ya kuingia katika pango la popo na chatu nchini Uganda, na pango hilo likafungwa. Kwetu, huko Durba, kati ya 1998 na 2000 waliugua watu 154, wakafa 128. Wengi wa walioambukizwa kwanza walikuwa wachimbaji wa dhahabu wa mgodi wa Goroumbwa, wenye popo wengi. Mgeni aingiapo bila kuuliza hujihatarisha yeye, na humhatarisha pia mchukuzi wa mizigo na jamaa ya huyo mchukuzi.

Hitimisho

Umoja wa Kimataifa wa Speleolojia, ulioundwa mwaka 1965, una kanuni za maadili kwa wanaokwenda kuchunguza mapango ya nchi za nje: wapate kwanza kibali cha nchi mwenyeji, washirikiane na wataalamu wake, wafuate sheria zake juu ya vitu vinavyochukuliwa, na wawaachie wenyeji nakala za matokeo. Kanuni hizo ni nzuri, lakini hazisemi ni kwa lugha gani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba barua yoyote ya ruhusa ya kuingia mapango ya Ituri iandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Isomwe kwa sauti mbele ya chifu na Wambuti wa mahali hapo. Itaje kila kitakachochukuliwa na siku ya kukirudisha. Na nakala ya matokeo iwekwe katika Chuo Kikuu cha Kisangani. Wanafunzi wetu nao, wakienda Kenya au Tanzania, wafanye vivyo hivyo: wapeleke maombi yao kwenye tume za sayansi za nchi hizo, kisha wafike kijijini na kungoja waitikiwe. Idara zetu za Kiswahili zinaweza kuandaa mfano wa barua hiyo sasa, kabla hajafika mchimbaji mwingine.