Nembo si ya ukoo, ni ya mtu

Donald Trump alipofungua uwanja wake wa pili wa gofu huko Aberdeenshire, Uskoti, Julai 2025, wachache walikumbuka kuwa mradi wa kwanza ulimgonganisha na mahakama ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo, mjini Edinburgh.

Chanzo kilikuwa nembo. Jumba lake la Mar-a-Lago, Florida, alilinunua likiwa na nembo iliyotolewa Uingereza mwaka 1939 kwa Joseph Davies, mume wa aliyelijenga. Trump aliitwaa, akafuta neno la Kilatini la uadilifu, akaweka jina lake. Marekani jambo hilo lilipita kimya. Alipoitumia kwa mradi wake wa gofu, Uskoti walimwambia bila kumung'unya maneno: kutumia nembo isiyosajiliwa ni kosa kisheria. Ikabidi aombe kama mwombaji mwingine yeyote, na mwaka 2012 akapewa mpya, yenye kaulimbiu ya Kilatini isemayo usisalimu amri kamwe. Binafsi nimeipenda mahakama hiyo.

Meno yake yalianzia sheria ya 1592. Daftari la nembo zote likafuata mwaka 1672. Lord Lyon ni hakimu kamili, na ana mwendesha mashtaka wake. Mwaka 1978 mfanyabiashara wa St Albans, aliyetia bendera ya kifalme ya simba mwekundu kwenye vitandiko, alitozwa pauni 100 kwa kila siku mpaka alipoacha.

Kwa maelezo ya mahakama yenyewe, hakuna nembo ya familia. Ngao ni mali ya mtu mmoja, mithili ya shamba lenye hati. Mrithi huichukua, wadogo zake husajili zao zenye tofauti. Mwanaukoo huruhusiwa beji tu: mchoro wa juu ya kofia ya chuma ya chifu, ukizungushiwa mkanda wenye bizimu. Mkanda huo ndio unaomtambulisha kuwa mfuasi. Chifu hauvai, yeye huvaa duara tupu na manyoya matatu ya tai. Mkuu wa tawi huvaa mawili, na mwenye nembo yake iliyosajiliwa, mmoja. Mfuasi hana unyoya.

Ndiyo maana maduka ya watalii yanaudhi: taja jina lolote la ukoo, utauziwa “nembo ya familia” kwenye kikombe. Anayetaka yake kweli humwandikia Lord Lyon, na ada huzidi pauni 1,000.