Mpito wa Hali

Tarehe 14 Septemba 1993, ndege ya Lufthansa aina ya Airbus A320 ilitua Warsaw, Poland, njia ikiwa imelowa mvua. Magurudumu ya kulia yaligusa ardhi kwanza. Ya kushoto yakafuata baada ya sekunde 9 hivi. Muda huo programu ya kompyuta ya ndege iliendelea kuihesabu ndege kuwa iko angani. Ili iinue vibamba vya juu ya mabawa vinavyoikandamiza ndege chini, ilitaka ama miguu yote miwili mikuu ielemewe na uzito, kila mmoja tani 6.3, ama magurudumu yazunguke kwa kasi ya kutosha. Nayo yalikuwa yakiteleza juu ya maji. Injini nazo zilizuiwa kugeuza msukumo mpaka miguu yote miwili ielemewe. Ndege ilipitiliza njia, ikagonga tuta, ikawaka moto. Kati ya watu 70, wawili walifariki.

Programu haikuharibika. Ilitii sharti lililowekwa kwa sababu ya maana, kwani injini ikigeuza msukumo angani ndege inaweza kuanguka. Kilichokawia ni kutoka hali ya angani na kuingia hali ya ardhini.

Kazi hiyo huwa ngumu zaidi katika mifumo pachikwa, yaani kompyuta zilizofichwa ndani ya ndege, magari au mashine za hospitali, ambayo programu zake huundwa kwa vijenzi vilivyotengenezwa mahali mbalimbali, pengine na kampuni tofauti. Kila kijenzi kina hali zake. Kijenzi kikuu kinapotaka kubadilika huviarifu vilivyomo ndani yake; kila kimoja huoanisha agizo na hali zake, humaliza au hukatiza kazi iliyopo, kisha hutoa taarifa kuwa kiko tayari. Visipongojana, nusu ya mfumo itakuwa inaruka na nusu imetua.

Ndiyo maana siridhiki na “kubadili modi”, wala “swichi ya hali”, kuwa jina la kazi hiyo. Swichi hubonyezwa na mambo yakaisha papo hapo. Mimi nachagua mpito wa hali. Aliyeishi chini ya serikali ya mpito anajua kwamba ya zamani imeondoka, mpya haijakaa, na ulinzi hauwezi kusimama. Mpito una mwanzo, una mwisho, na katikati yake mna hatari.

Nawaomba wanaofasiri vitabu vya uhandisi watumie istilahi hii, na kila mara waeleze mpito unaanzishwa na nini na unapaswa kukamilika ndani ya muda gani.