MIPAKA, NGUVUKAZI NA VIFO VYA NJIA YA KUSINI

Mwezi Juni 2012, katika pori la Chitego, Wilaya ya Kongwa, mkoani Dodoma, ilikutwa miili ya Waethiopia zaidi ya 40. Walikuwa wamefichwa ndani ya lori wakielekea kusini, wakakosa hewa. Waliokufa na waliokuwa wangali hai walitupwa porini, na lori likaondoka. Tarehe 24 Machi 2020, mkoani Tete, Msumbiji, kontena juu ya lori lililotoka Malawi lilifunguliwa. Ndani walikuwamo Waethiopia 64 waliokufa na 14 waliosalimika.

Tunaambiwa kwamba chanzo ni tamaa ya vijana na ulaghai wa madalali. Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayatoshi. Hatuna budi kuuliza: njia hii ya kusini ilichongwa na nani, na kwa faida ya nani?

Enzi ya Wenela

Mwaka 1900 makabaila wa migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini waliunda shirika la kuandikisha vibarua, ambalo wananchi waliliita Wenela. Liliwachota watu Msumbiji, Nyasaland na baadaye hata kusini-magharibi ya Tanganyika. Mipaka iliyochorwa na wakoloni haikuwa kikwazo hata kidogo, kwa sababu mtaji ulihitaji mikono. Vibarua walisafirishwa kwa malori, meli, treni na hatimaye ndege.

Lakini vifo vilikuwako tangu hapo. Waliotoka nchi za joto walikufa kwa kichomi migodini kwa wingi mno, hata mwaka 1913 uandikishaji kaskazini ya nyuzi 22 kusini ya Ikweta ukapigwa marufuku. Katika miaka ya 1930 mlango ulifunguliwa tena, maana migodi ilitaka watu. Tanganyika ilipopata Uhuru haikukawia kuukomesha uandikishaji huo. Malawi iliendelea, na Wamalawi migodini wakazidi 100,000. Aprili 1974 ndege ya Wenela ilianguka Francistown, Botswana, ikaua watu 78, wengi wao wachimbaji waliokuwa wakirudi kwao. Ndipo Malawi ikasimamisha uandikishaji.

Waya wa umeme

Katika miaka ya 1980 utawala wa makaburu, uliokuwa ukichochea vita Msumbiji, uliweka mpakani waya wenye umeme wa kuua. Wakimbizi wa vita hiyo walikufa wakiujaribu. Hapa ukweli unajidhihirisha: mpaka uleule ulikuwa lango kwa kibarua mwenye mkataba, na mtego kwa mkimbizi.

Ubaguzi uliondolewa mwaka 1994, lakini mali haikugawanywa upya katika eneo letu. Afrika ya Kusini ilibaki na viwanda na fedha; kijana wa kusini mwa Ethiopia alibaki na kishamba kisichotosha kaka zake wote. Safari ikaendelea, sasa bila mkataba: Moyale, Nairobi, Tanzania, Malawi, Msumbiji. Kila kizuizi kinachoongezwa barabarani humpandishia dalali bei. Kadiri vizuizi vinavyozidi, ndivyo msafiri anavyofichwa zaidi. Na kadiri anavyofichwa, ndivyo hewa inavyopungua. Kontena la Tete halikuwa ajali.

Wajibu wetu

Hapa tujikosoe. Sheria yetu ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya binadamu inamlenga mfanya biashara. Lakini anayekamatwa kwa urahisi ni msafiri mwenye njaa; mwenye mtandao yuko mbali, na fedha yake hufika hata kwa baadhi yetu wenye mamlaka njiani. Kada anayepokea fedha hiyo ameshiriki kuwaziba watu pumzi.

Hatusemi Taifa liache kulinda mipaka yake. Tunasema ulinzi umwandame anayefaidi, na uokoe roho ya anayesafirishwa. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2018 kuhusu watu kusafiri huru inahitaji kuridhiwa na nchi 15 ili ianze kutumika. Hadi mwaka 2024 hata nusu yake haikuwa imepatikana.

TANU ilitufundisha kuahidi kwamba binadamu wote ni ndugu na kwamba Afrika ni moja. Ahadi hiyo haina maana majukwaani kama haifiki kwenye kizuizi cha barabarani usiku, askari anaposikia mtu akigonga ndani ya kontena. Kazi ya kada ni kuhakikisha kwamba kontena hilo linafunguliwa.