Ungio Dogo, Mzigo Mkubwa: Ekseli ya Mbele katika Historia ya Gari la Porini, 1908–2003

Wanahistoria wa Jeep wamebishana kwa muda mrefu kuhusu nani aliyeibuni: Bantam, Willys au Ford. Mjadala huo umejikita katika zabuni, michoro na injini. Insha hii inadai kuwa swali lenye uzito zaidi liko chini ya gari, mahali pale ambapo gurudumu la mbele linatakiwa kusukuma na kukata kona kwa wakati mmoja. Injini yenye nguvu ilipatikana mapema. Kilichokosekana ni namna ya kuifikisha nguvu hiyo kwenye gurudumu linalogeuka bila kuvunja kitu njiani.

Jibu la awali nchini Marekani lilitoka Clintonville, mji mdogo wa Wisconsin. Mwaka 1908 Otto Zachow na shemeji yake William Besserdich walipata hataza ya mfumo wao wa kusukuma magurudumu yote manne. Ungio la shafti lilifichwa ndani ya kifundo cha duara ambacho gurudumu liligeukia juu yake. Ni vema kukumbuka kwamba watu hawa walikuwa mafundi wa karakana. Malori ya kampuni iliyotokana na kazi yao, FWD, yalitumiwa kwa maelfu katika Vita Kuu ya Kwanza.

Hata hivyo, ungio la msalaba, lile ambalo mafundi wetu huliita krosi, lina kasoro ya kimaumbile. Shafti mbili zilizounganishwa nalo zikikaa kwa pembe, shafti ya pili haizunguki kwa mwendo ulio sawa: huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 30, mwendo wake hushuka kwa takriban asilimia 13 na kupanda kwa takriban asilimia 15 kuliko ule wa shafti inayousukuma. Dereva huisikia tofauti hiyo mikononi, kwenye usukani. Chuma nacho huipokea kama pigo linalorudiwa. Katika miaka ya 1920 suluhisho kadhaa zilijitokeza karibu kwa pamoja: Carl Weiss na Alfred Rzeppa walitumia gololi zinazotembea katika mifereji, na Wafaransa Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille wakabuni ungio la Tracta, lisilo na gololi. Yote yalitoa mwendo sawa. Yote, pia, yalidai uchongaji wa usahihi mkubwa, na hapo ndipo tatizo la kihandisi lilipogeuka kuwa tatizo la uzalishaji.

Jeshi la Marekani lilipotaka gari jepesi mwaka 1940, liliweka kikomo cha uzito cha ratili 1,300, yaani takriban kilo 590, kikomo ambacho hakuna aliyeweza kukitimiza na ambacho baadaye kilipandishwa. Karl Probst, aliyechora gari la Bantam mwezi Julai, hakuwa na muda wa kubuni ekseli mpya. Kampuni ya Spicer ilirekebisha ekseli ya gari dogo la abiria, Studebaker Champion, na gari la kwanza likafikishwa Camp Holabird tarehe 23 Septemba 1940. Kwa hiyo gari lililokuja kusifiwa kwa ugumu wake lilisimama juu ya sehemu zenye asili ya gari la familia. Uzalishaji ulipopanda hadi mamia ya maelfu, hakuna mtengenezaji mmoja wa viungio aliyetosha. Ekseli za Willys na Ford zilifungwa viungio vya Bendix-Weiss, Rzeppa, Tracta au Spicer, na fundi wa jeshini alipaswa kujua aina iliyomo kabla ya kuagiza kipuri. Usanifu, katika hatua hii, ulifuata uwezo wa viwanda.

Baada ya vita mzigo ulibadilika. Raia waliinunua Jeep, wakaiinua kwa springi ndefu na kuifunga tairi kubwa. Tairi kubwa ni wenzo mrefu zaidi dhidi ya shafti ileile. Mwaka 1972 Jeep za CJ zilipewa ekseli ya Dana 30 yenye vifundo vilivyo wazi, rahisi kuhudumia kuliko vile vya duara vilivyovuja mafuta, lakini krauni yake ilikuwa na kipenyo cha takriban inchi 7.2 tu. Waendeshaji wa njia ya Rubicon, California, walipoongeza kufuli ya difu, gurudumu moja lililobanwa na jiwe liliweza kubeba karibu msukumo wote wa ekseli. Tangu hapo uimarishaji ukawa mfululizo: ukiimarisha shafti, inavunjika krosi; ukiimarisha krosi, inaumia krauni. Wengi walihamia Dana 44, yenye krauni ya inchi 8.5.

Kuhamisha ekseli si kubadilisha kipuri tu. Difu lazima iwe upande uleule wa giaboksi ya kugawa nguvu. Zaidi ya hayo, gari likiinuliwa, pinioni inapaswa kuelekezwa juu ili propela isikae kwa pembe kali; lakini kuizungusha ekseli nzima kunaharibu mwinamo wa vifundo, na usukani huacha kurudi wenyewe baada ya kona. Ndiyo maana mafundi makini hukata vifundo vya ndani, huvizungusha na kuvichomelea upya. Maarifa haya yalizaliwa karakanani.

Mwaka 2003 kiwanda kilitoa Wrangler Rubicon yenye Dana 44 mbele na nyuma, zote zikiwa na kufuli. Wapo wanaoliona tukio hili kama mbinu ya biashara. Kwa maoni ya insha hii, kiwanda kilikuwa kinaidhinisha mabadiliko ambayo watumiaji walikwisha kuyafanya, tena kwa nusu: kitovu cha ekseli hiyo ya mbele kilikuwa cha Dana 44, ilhali vifundo na viungio vya nje vilibaki vya ukubwa wa Dana 30.