Bunduki ya Msafiri na Mpaka wa Goma

Suala la msafiri kuvuka mpaka kihalali akiwa na silaha yake mwenyewe lina historia ndefu katika nchi za Maziwa Makuu. Mojawapo ya sheria zake za awali zilizoandikwa ilitoka mbali na Kivu. Tarehe 2 Julai 1890, mkutano wa dola 17, Zanzibar ikiwa miongoni mwao, ulihitimisha mjini Brussels mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Kwa kuwa misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilitegemea bunduki, mkataba ulizuia uingizaji wa silaha za moto katika sehemu ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Kivu yote imo humo.

Hata hivyo, kizuizi hicho kiliachiwa mlango. Kifungu cha 9 kilimruhusu msafiri aliyechukua tamko la serikali yake, lenye kueleza kwamba silaha na risasi zake ni za kujilinda yeye mwenyewe tu. Mtu mwingine alipaswa kutoa dhamana ya kutosha kwamba hataiuza wala kumpa mtu wa tatu. Bunduki zilizoingizwa zilitakiwa kuwekwa katika ghala la serikali, zisitolewe bila idhini. Kilichoachiwa biashara ni bunduki za gumegume na baruti ya kawaida, nazo chini ya masharti.

Yafaa kuuliza: msafiri huyo alikuwa nani? Ni yule tu mwenye serikali iliyotambuliwa na dola nyingine. Mwaka 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, akitokea Pangani na msafara wenye silaha, alipita Rwanda, akaliona Ziwa Kivu, akapanda mlima Nyiragongo, kisha akaendelea hadi pwani ya Atlantiki. Alikutana na mfalme Rwabugiri, mwenye nchi. Lakini mbele ya sheria ya Brussels, Rwabugiri hakuwa na cheti cha kutoa wala cha kudai.

Lugha yenyewe hutusaidia hapa. Kiswahili hutofautisha halali na ruhusa. Halali ni sifa ya jambo. Ruhusa ni neno la mwenye mamlaka, nalo hukoma pale mamlaka yake yanapokoma. Baada ya Wajerumani na Wabelgiji kukubaliana juu ya mpaka wa Kivu mwaka 1910, Goma na Kisenyi, miji iliyo bega kwa bega, ikawa chini ya mamlaka mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Ubelgiji ilitawala pande zote mbili. Uhuru wa Kongo mwaka 1960 na wa Rwanda mwaka 1962 ukaufanya mstari huo kuwa mpaka wa mataifa. Tangu hapo, ruhusa iliyotolewa upande mmoja haikutosha upande wa pili.

Julai 1994 ilidhihirisha udhaifu wa ruhusa. Kwa siku chache mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walimiminika Goma, na ndani yao wamo askari wa jeshi lililoshindwa. Wanajeshi wa Zaire waliwanyang'anya wengi bunduki zao pale bariera, zikarundikwa kando ya barabara; lakini si zote zilizobaki pale. Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kupiga marufuku kupeleka silaha Rwanda tangu tarehe 17 Mei mwaka huo.

Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo Kongo na Rwanda zilitia sahihi, ilikataza raia kumiliki bunduki za rashasha na zile zinazojipakia zenyewe, na kuagiza silaha nyingine ziwe na leseni na kuandikishwa. Masharti hayo yanadai serikali yenye daftari na ofisi mpakani. Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia Goma, baadhi ya askari wa serikali walivuka kwenda Rwanda na kukabidhi silaha zao huko. Mpakani hapo hapakuwa tena na afisa wa Kinshasa wa kukagua cheti.

Basi tangu mwaka 1890 swali halikuwa bunduki pekee, bali ni nani anayemdhamini mwenye nayo. Cheti ni ahadi ya serikali moja kwa jirani yake. Pasipo na serikali ya kuahidi, au jirani wa kuamini, hubaki karatasi, nayo bunduki huvuka bila kuulizwa.